Zakayo Ngabirano na Njia Aliyoiacha Nje ya Ramani

Mchungaji wetu, waheshimiwa madiwani mliofika kwenye tope letu na viatu vya mjini, majirani wa Ihunga, na ninyi watu wa chama cha machela ambao mabega yenu yamevimba tangu jana, nawasalimu kwa niaba ya ukoo. Mimi ni Jovanice, kitindamimba wa Mzee Erisa Rwamafa, shangazi wa watoto hawa mnaowaona mbele, na nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu, wamesema, mimi sioni haya. Ni kweli, lakini leo mkisikia sauti imenikatika mnivumilie, maana anayelala hapa ndiye aliyenifundisha kusoma.

Kaka yetu Zakayo Ngabirano alizaliwa tarehe 14 Aprili 1954, hapa hapa Ihunga, katika nyumba iliyokuwa pale penye migomba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Erisa na mama yetu Kezia, na alibatizwa katika kanisa la chini mwezi Juni mwaka huo huo, siku ambayo mama alizoea kusema kwamba mtoto hakulia maji yalipomgusa, alimtazama tu mchungaji kama anayetaka kujua utaratibu.

Alianza shule ya msingi ya kanisa mwaka 1961 na kuimaliza mwaka 1967, na katikati ya miaka hiyo, mwezi Mei 1966, baba yetu aliugua kifua, akabebwa kwenye machela kuteremka hadi barabara kuu ya Kacuro. Zakayo akiwa na miaka kumi na miwili alikimbia nyuma ya wabebaji akiwa ameshika viatu vya baba, ili mgonjwa akipona apate cha kuvaa, na siku ya tatu akarudi na viatu mkononi. Mnaijua njia aliyopita. Ni ile inayoshuka wima, kilomita mbili kutoka mlimani hadi barabarani, pana kiasi cha wanaume wanne na mzigo wao, ambayo mtu mzima mwenye afya haipiti, kwa kuwa sokoni, kisimani na kanisani tunakwenda kwa vijia vingine, na ile ni ya kubebwa tu.

Baada ya hapo alisoma sekondari mjini Kabale kuanzia mwaka 1968, akilipiwa na wajomba na viazi vya mama, akaendelea na chuo kikuu mjini Kampala, akahitimu mwaka 1977 katika jiografia na mipango, na tarehe 3 Aprili 1978 akaajiriwa katika ofisi ya mipango ya wilaya yetu, ambako alikaa miaka thelathini na sita, serikali zikija na kuondoka, yeye akibaki na meza ile ile yenye mguu mmoja uliowekewa tofali.

Tarehe 12 Disemba 1981 alifunga ndoa na Provia Kebirungi, binti wa bonde la pili, ambaye yuko hapa na kitambaa chake cheusi, na ambaye kwa miaka arobaini na miwili alikuwa mtu pekee mlimani aliyeweza kumwambia Zakayo kwamba amekosea, na Zakayo akaacha chai ipoe akifikiri. Mungu aliwajalia watoto wanne, Medius, Amon, Naboth na Alleni, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa karatasi niliyopewa ina mistari miwili, nami nimeiongeza bila kumwomba mtu ruhusa.

Kaka yangu aliamini kwamba mpango wa eneo hauwezi kutoka kwenye ofisi yenye pazia. Wakubwa wake walipoambiwa watengeneze mpango wa ukuaji wa wilaya wa miaka thelathini, kuanzia 1998 hadi 2028, yeye aliomba apite kila kilima, awakalishe watu kwenye uwanja, na wao wenyewe wachore kilima chao juu ya ardhi, barabara kwa majivu, nyumba kwa maharage, chemchemi kwa vigae vya vyungu, misitu kwa majani ya mikaratusi, halafu waseme wajukuu wao waishi wapi, walime wapi, wasome wapi, ndipo yeye anakili kwenye karatasi. Wenzake ofisini walimcheka, wakamwita Bwana Majivu, lakini alipita vilima arobaini na saba kwa miguu, na alikuwa na sharti moja, kwamba kila mwanamke aweke harage la nyumba yake kwa mkono wake, asiwekewe na mumewe.

Tarehe 9 Septemba 1997 ilikuwa zamu ya Ihunga, na wengi mliopo mlikuwepo. Alikuja nyumbani na wageni wawili kutoka ofisi kuu, wenye kamera, na sisi tukavaa vizuri, tukatengeneza uji wa mtama, tukachora kilima kizuri kuliko vyote, na Zakayo akawa anauliza kama alivyouliza kila mahali, sokoni mnapita wapi, maji mnachota wapi, shuleni watoto wanapita wapi, na majivu yakawa yanamwagwa. Njia ya machela haikuwekwa. Hakuna aliyeulizwa unabebwa kupitia wapi, na kwetu machela haitajwi bure mbele ya wageni, inaning'inia darini na watu wanapita chini yake kama hawaioni. Mtu mmoja tu alisimama, Bibi Eseza Ntegyereize, Mungu amrehemu, akachukua majivu kwa kiganja, akavuta mstari kutoka juu hadi chini, akasema, "Na hii ya kwendea kufa, mbona mnaificha?" Watu wakacheka kwa aibu, na Kamugasha, kijana mwenye nguvu wakati huo, akaufuta ule mstari kwa mguu, akimwambia, "Bibi, kaa chini, utatuitia mkosi mbele ya wageni."

Kaka yangu aliona. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, kalamu mkononi, na yeye ndiye aliyerudi kwa njia ile na viatu vya baba, kwa hiyo hakuna mtu uwanjani aliyeijua kumshinda. Akafunua ukurasa mwingine, akauliza habari za kisima. Provia alimwuliza walipokuwa wakila, "Na wewe ulikuwa unaogopa mkosi gani, msomi?" naye akajibu kwamba ramani ni ya wananchi, si yake, na wananchi wamefuta wenyewe. Provia ameniambia kwamba alilijibu swali hilo haraka mno.

Mpango ukapita. Mteremko ule, ambao kwenye ramani hauna nyumba, hauna shamba wala njia, ukatengwa kwa miti, na mwaka 2000 wakaja wenye shamba la miti, wakapanda, wakazungusha seng'enge, wakaweka lango na kufuli juu na chini, kwa haki kabisa, maana waliuliza wilayani nani anapita hapa na karatasi ikawajibu hakuna. Chama cha machela kikaanza kuzunguka kwa nyuma ya kilima, kilomita saba badala ya mbili. Tulinung'unika, tukazoea, kama tunavyozoea mambo.

Tarehe 3 Novemba 2004, mjukuu wa Bibi Eseza, Owembabazi, msichana wa miaka kumi na tisa, alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, mtoto akakaa vibaya, wakambeba, na mimi niliyekuwa mkunga nilikwenda nimeshika kichwa chake njia nzima, na alifariki katika kilomita ya tano, yeye na mtoto, mahali ambapo barabara ya Kacuro unaiona kwa macho lakini hujaifikia. Siku ya mazishi Zakayo alikwenda kumpa pole bibi yule, akapiga magoti mbele yake, na Eseza hakupandisha sauti, alimwambia tu, "Mwanangu, Kamugasha alikuwa na mguu. Wewe ulikuwa na kalamu."

Kuanzia siku hiyo kaka yangu hakuwa na kazi nyingine duniani. Ofisini alifanya zote alizotumwa, lakini akilini mwake kulikuwa na moja, njia ya machela iingizwe kwenye mpango kabla hajafa. Aliandika taarifa ya kurasa kumi na mbili inayoanza na maneno, "Kosa ni langu," na mapitio ya mpango yalipofika mwaka 2008 aliisoma mbele ya kamati, na kamati ikamjibu kwa adabu, "Bwana Ngabirano, wananchi walishirikishwa, picha zipo, maharage yanaonekana, na sahihi ya chini ni yako. Tukiongeza kila kitu mtu anachokumbuka baadaye, tutakuwa na mpango gani?" Aliporudi alituambia kwamba jibu lile angelitoa yeye mwenyewe, na ndicho kilichomuuma, kwamba kile alichokijenga ili watu wasikike sasa kilikuwa ukuta, na hapakuwa na mtu wa kulaumu upande wa pili.

Mwaka 2011 vijana walichoka, wakaikata seng'enge kwa panga, wakabeba mgonjwa mmoja kupita pale, na mgonjwa yule akapona, yupo hapa, lakini vijana watatu wakafikishwa mahakamani, na mmoja wao alikuwa Naboth, mtoto wa marehemu, aliyefungwa miezi tisa. Wenye shamba wakasema hiyo njia ni ya wahalifu, na suala lote likawekwa kabatini mpaka kesi na rufaa ziishe, na zilichukua miaka. Naboth alimwambia baba yake kupitia dirisha la gereza, "Baba, mimi nimeokoa mtu kwa dakika arobaini, wewe na karatasi zako umeokoa nani?" Zakayo alinisimulia maneno hayo mwenyewe, hakuyapunguza. Naboth, mwanangu, usiiname, baba yako hakuwahi kukasirika kwa ajili ya maneno yale, alisema ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa kwenye mkutano.

Alistaafu Aprili 2014, akarudi kulima viazi, na bado kila mwezi alishuka wilayani na mkoba wake, mpaka makarani wakawa wanamwekea kiti kabla hajafika. Mapitio yaliyopaswa kufanyika mwaka 2018 yalifanyika tarehe 14 Machi mwaka huu, uwanjani pale pale, mbele ya maofisa vijana, na Zakayo alifika na kopo la maziwa ya unga limejaa majivu ya jikoni kwa Provia. Tulipomaliza kuchora vyote, alisimama, akamwaga mstari kutoka juu hadi chini, mstari ukaenda upande, akarudi kukaa.

Kisha Kamugasha akainuka, yule yule, sasa mwenyekiti wa chama cha machela na mvi kichwani, na mimi nikasema moyoni ananyanyua mguu tena. Alivua mabuti, akapiga magoti, akachota majivu koponi, akaunenepesha mstari, akawaambia maofisa, "Mguu huu ndio ulioufuta mwaka wa tisini na saba. Andikeni hivyo hivyo." Wanawake wakaanza kusogea, kila mmoja na harage, akiliweka juu ya majivu na kumtaja mtu wake, mume wangu alipita hapa, mama yangu alipita hapa, mimi nilimpitisha mwanangu hapa akiwa na degedege, na mimi nikaweka la baba yetu, na Provia akaniazima moja nikaweka la Owembabazi, kwa sababu Eseza hakuwepo tena kuliweka. Ofisa mmoja kijana aliuliza taratibu, "Ina maana mlikuwa mnaijua wakati wote?" Pendekezo likaandikwa, wenye shamba wakalikubali kwa maandishi, na likapangwa kupigiwa kura na halmashauri tarehe 20 Juni, Alhamisi ijayo.

Jumanne, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, marehemu alikuwa anapalilia viazi alipoanguka kwa maumivu ya tumbo. Chama cha machela kilifika kabla maji hayajachemka, wakamlaza, wakambeba mpaka penye lango la juu, na pale mlinzi wa shamba, Sabiiti, akatoka na ufunguo mkononi, akasema, "Piteni na mzee. Kazi nitatafuta nyingine." Mnajua desturi yetu, aliye ndani ya machela ndiye mwenye safari, akisema tueni mnatua, akisema geuzeni mnageuza, hata akiwa mtoto wa miaka saba. Zakayo akasema, "Zungukeni." Kamugasha akamwambia, "Zakayo, acha ukaidi, unakufa wewe." Akajibu, "Zimebaki siku tisa. Mkipita leo bila kura watapata la kusema, kama walivyolipata kwa Naboth, na atakayekuja baada yangu ndiye atakayelipa." Provia akamshika mkono, akamwambia, "Mume wangu, hiki si kikao." Akamtazama, akasema, "Najua, mama Medius. Zungukeni."

Wakazunguka. Walifika hospitali saa nane mchana, madaktari wakampokea mbio, wakamtia chumba cha upasuaji, na saa kumi na nusu jioni, Zakayo Ngabirano akafariki dunia, akiwa na miaka sabini. Daktari alitueleza kwa upole kwamba utumbo ulikuwa umejisokota, na kwamba ugonjwa huo unahesabu saa. Mimi ningeikata ile seng'enge kwa meno. Siku tatu hizi nimemlilia kaka yangu nikiwa nimemkasirikia, na sijamaliza yote mawili.

Jana tulipomleta kutoka mochwari, mvua ikinyesha, tulikuta Sabiiti amelifungua wazi lango la chini, amevua kofia, amesimama pembeni. Wabebaji wakatua. Marehemu hawezi kuamua njia, kwa hiyo Kamugasha akamgeukia mjane, akamwuliza, "Shemeji, tupite? Sasa hakuna wa kumfunga." Provia aliitazama njia ile, majani yameifunika lakini bonde lake bado linaonekana kati ya miti, halafu akamwambia mlinzi, "Funga, mwanangu. Zimebaki siku saba." Wakainua, wakazunguka kilomita saba kwenye utelezi, saa tatu nzima, na Sabiiti alilifunga lango akaja nyuma yao, akapokea bega pale Amon alipochoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao walifanya yote yanayowezekana kwa mtu aliyechelewa, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani wa ofisi ya mipango, hasa waliokuwa wanamwekea kiti, majirani waliotuletea viazi, kuni na maharage tangu Jumanne, mchungaji na kwaya, na chama cha machela, ambao sina neno la kuwapa. Waheshimiwa madiwani, sitawaomba kura msibani, si mahali pake. Magari yenu mmeyaacha Kacuro na mmezunguka kwa miguu kama sisi, nami nimewaona mkipumzika mara nne.

Mwisho, Provia ameniagiza jambo moja niliseme kwa niaba yake. Anasema Alhamisi atakwenda kuketi kwenye kiti kile cha makarani, na siku lango litakapofunguliwa kwa haki, asisubiriwe mgonjwa. Yeye atatangulia kuishuka njia ile kwa miguu yake, akiwa mzima, na kikapu cha viazi kichwani, akienda sokoni, na anaomba kila mwenye miguu amfuate, kesho yake tena, na kesho kutwa, mpaka watoto waizoee kwa michezo, ili ofisa mwingine akija Ihunga na kalamu yake akauliza mnapita wapi, asipatikane hata mtu mmoja wa kunyamaza.

Kaka, umezunguka vya kutosha. Lala sasa kwa amani.